Nyama ya Siku Ile

Nikisimama kanisani kutoa ushuhuda, hapa Kitale, huwa nasema wokovu umenigharimu pombe ya busaa, densi na marafiki watatu. Watu husema amina, nami naketi nikiwa nimeridhika. Ukweli ni kwamba busaa haikunigharimu chochote, ilikuwa inaniua. Na wale marafiki, wawili waliokoka baada yangu, mmoja wao siku hizi ananishinda sauti kwenye maombi mpaka naudhika. Gharama yenyewe sijawahi kuitaja mbele ya watu. Ni dada yangu.

Yuko hai, nisije nikakutisha. Anaishi kwake, nje kidogo ya mji wa Bungoma, ana afya kuliko mimi, na tukikutana tunapeana mkono. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Zamani hatukuwa watu wa kupeana mkono.

Tulizaliwa wawili tu. Mama alipofariki, mimi nilikuwa bado nalia usiku nikitaka kubebwa, na dada alikuwa darasa la sita. Hakurudi shuleni. Hakuna aliyemkataza, ila kulikuwa na mtoto, kuni, maji na baba ambaye hakujua kupika hata uji. Alinibeba mgongoni kwenda kisimani hadi nikawa mzito wa kuchekesha, miguu yangu ikigonga magoti yake, na wanawake wakimuuliza huyo mume amempata wapi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuomba kabla ya kula. Nakumbuka alivyokuwa akinishika mikono ili nisiguse ugali kabla ya amina. Kwa hiyo nikikuambia baadaye nilimfundisha dada yangu mambo ya Mungu, ujue unamsikiliza mtu wa aina gani.

Alikuwa akiniita mtoto wa mama. Hata nilipoota ndevu, hata mbele ya wateja wangu, "mtoto wa mama, umekula?"

Kwetu Bungoma, kijana haendi kutahiriwa kama mtu anayekwenda kuchukua kitambulisho. Anapiga njuga akizunguka kwa jamaa kuwaalika, na alasiri ya siku ya mwisho ni lazima afike kwa khocha, yaani ndugu wa kiume wa mama yake. Khocha anamchinjia ng'ombe dume, anakata ukanda wa nyama ya kidari na kumvisha shingoni. Tunauita luliki. Kijana anarudi nao nyumbani akikimbia na kuimba, na kila anayemwona njiani anajua kwamba mama wa huyu ana kwao, hakuokotwa barabarani. Kesho yake alfajiri ndipo anasimama mbele ya kisu.

Mimi nilivishwa yangu na ndugu wa mama yetu. Nyama mbichi ina uzito, tena ina joto, na nzi wa mwezi wa nane wanajua kazi yao. Dada alikimbia kando yangu njia nzima akiwa na tawi la majani, ananipepea shingo, anaimba, anawatukana nzi, anaimba tena. Tulipofika nyumbani sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Wiki mbili nzima aliongea kwa kunong'ona, na mimi nikiwa kwenye kidonda changu nilikuwa namcheka.

Nikahamia Kitale kutafuta maisha. Niliuza mbegu na dawa za mifugo katika duka la mtu, kisha langu. Nilikunywa pia, kwa bidii ileile. Halafu siku moja kwenye mkutano wa injili uwanjani, nikiwa nimekuja kumtafuta mtu aliyekuwa na baiskeli yangu, nikasikia neno likanishika, nikaenda mbele nikilia. Baiskeli sikuipata. Nikaokoka, na mimi si mtu wa kufanya jambo nusu. Nilitupa kanda zangu zote za rumba kwenye shimo la choo. Niliacha kwenda kwenye matanga ambako watu wananyolewa kimila. Nilikataa kula kwa jirani siku aliyompa mtoto jina la babu yake. Mke wangu, ambaye wazazi wake walihamia Trans Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, naye aliokoka, lakini yeye aliokoka kwa utulivu. Mimi niliokoka kama moto wa kuchoma majani makavu shambani, na nilijisifu kwa hilo.

Sitaki uelewe vibaya. Bila wokovu ule ningekuwa kaburini, nami sijutii hata siku moja kumjua Yesu. Ninachojutia ni alasiri moja.

Dada alikuja Kitale mwezi wa nne, na kuku chini ya kwapa. Aliketi mezani petu, akanywa chai vikombe viwili, halafu akasema alichokuja kusema.

"Kijana wangu amekubali kutahiriwa. Ni mwezi wa nane hii. Sasa khocha ni nani, si ni wewe tu? Hatuna mwingine."

Kweli hatukuwa na mwingine. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa, na kanisa letu lilikuwa limefundisha, mara nyingi na kwa sauti kubwa, kwamba luliki ni agano la damu na mizimu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelifundisha somo hilo darasani. Ilinipasa nimwambie dada hapohapo, uso kwa uso, kwamba sitafanya. Angekasirika, angelia, angepata miezi minne ya kutafuta njia nyingine. Badala yake nikasema, "Tutaliombea jambo hili, dada."

Akapiga makofi. "Asante, mtoto wa mama." Akainuka akaenda zizini kumtazama ndume wangu, yule wa kahawia mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alimpapasa shingo, akarudi anacheka. Ati huyo ng'ombe ameshiba kuliko shemeji yangu, mumewe.

Mke wangu alinitazama. Nikachukua Biblia nikajifanya natafuta mstari.

Hivyo ndivyo tulivyo sisi watu wa ushirika. Tunaweza kumkemea mlevi sokoni mchana kweupe, lakini hapana ya kumwambia mtu wako mezani tunaifunga ndani ya maombi tukitumaini Mungu ataisema kwa niaba yetu. Nilimwendea mchungaji. Aliniambia niombe na nitafute amani. Niliomba kweli, nilifunga siku tatu, na amani niliyoipata ilikuwa ya mtu ambaye alishaamua kabla ya kupiga magoti.

Siku yenyewe ilipofika niliwaita wapendwa saba kutoka kanisani waje tuombe nyumbani. Nilitaka mashahidi, sasa naona. Saa tisa alasiri tukasikia njuga kutoka upande wa barabara kuu. Walikuwa wametoka Bungoma kwa pikapu hadi njia panda, wakashuka, wakaanza kukimbia na kuimba kama inavyotakiwa. Watu kama ishirini. Majirani wakatoka nje, watoto wakapanda ua. Nikaenda nikafunga geti kwa kufuli, na nyuma yangu wapendwa wakainua wimbo wa sifa kwa nguvu ili njuga zisisikike.

Mpwa wangu alikuwa mbele. Kifua wazi, shanga zimevuka mabega, jasho linatiririka, vyuma mikononi. Alikuwa na macho ya mama yangu, jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu azaliwe lakini siku hiyo sikulitaka. Alisimama mbele ya geti akashusha mikono, na njuga zikanyamaza.

"Khocha," alisema akihema, "mama alisema nikwambie nimefika."

Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nikayasema yote, kwa sauti ya mimbarani, ili na majirani wasikie. Kwamba nyumba hii ni ya Yesu. Kwamba damu iliyohitajika ilishamwagika. Kwamba nampenda lakini siwezi kumvisha kongwa. Nilisoma na mistari. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mwanafunzi anayesomewa makosa ya mtu mwingine. Mzee mmoja wa upande wa baba yake akauliza polepole, "Sasa huyu mtoto arudi aje, shingo tupu?" Zizini, yule ndume akalia, na kila mtu akasikia.

Mke wangu alikuja nyuma yangu akiwa na jagi na vikombe. Nilimzuia kwa mkono. Nilimwambia chini kwa chini kwamba tukiwapa kitu, tumeshiriki.

"Hata maji?" akauliza.

"Hata maji."

Walisimama kidogo. Kisha wakageuka, wakaenda bila kuimba. Ni safari ya kilomita nyingi kurudi Bungoma, na sikuwahi kusikia kundi la tohara likitembea kimya kabla ya siku hiyo wala baada yake. Wapendwa walinikumbatia. Mmoja alisema nimeshinda mtihani wa Ibrahimu. Nilijisikia mrefu. Nilikula chakula cha jioni nikashiba, na hilo nalo ni la kweli, sitalificha.

Yaliyofuata niliyajua kidogokidogo, kutoka kwa watu wengine. Walipita Kimilili kwa binamu wa mbali wa mama yetu, mzee ambaye hakuwa amejiandaa wala hakutakiwa kuwa yeye. Hakuwa na ng'ombe. Alichinja mbuzi, kwa huruma tu, na kijana akarudi nyumbani na kipande cha mbuzi shingoni. Akasimama vizuri asubuhi, hakupepesa jicho. Lakini vijana wenzake walikuwa wameona. Hadi leo kuna watu pale kijijini wanaomwita Mbuzi, na yeye hucheka nao. Na mama yake, siku ileile mbele ya wageni, wake wa shemeji zake walimuuliza kwa utani kama kweli ana kwao au alitolewa tu kituo cha basi.

Dada alipiga simu siku ya tatu. Hakupaza sauti.

"Kijana amesimama vizuri."

"Bwana asifiwe," nikasema.

Halafu akauliza, "Ng'ombe yako ilikuwa mgonjwa?"

Alikuwa ananipa njia. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi nikiwa dukani, nikipima mbegu, mteja akinisemesha nisisikie. Ningesema ndiyo, alishikwa na homa, na dada angewaambia watu hivyo, nao wangeamini au wangejifanya kuamini, na tungekuwa tumemaliza. Lakini siku hizo nilikuwa sisemi uongo hata mdogo.

"Hapana," nikasema. "Ni mzima kabisa."

"Haya," akasema dada. "Haya, mtumishi."

Tangu siku hiyo ndiyo ananiita mtumishi. Ni jina la heshima, hata mchungaji huitwa hivyo, na hakuna mtu anayeweza kulilalamikia. Viazi vitamu alivyokuwa akinitumia vikaacha kuja. Simu za Jumapili zikaacha kuja. Tulipokutana matangani alinipa mkono, akauliza habari ya watoto na ya kanisa, akasikiliza majibu. Nilimwambia mke wangu kwamba hii ndiyo gharama ya kumfuata Bwana, kwamba Yeye mwenyewe alisema tutaachana na ndugu. Mke wangu akanijibu akiendelea kukunja nguo kwamba hajawahi kusikia gharama ya mtu mmoja ikilipwa na mwingine. Nilimkasirikia siku mbili.

Yule ndume nilimuuza, na fedha zote nikazitoa kwa mabati ya kanisa. Yapo hadi leo. Mvua ikinyesha hatusikii mahubiri.

Miaka ilipita, na moto wangu ukapungua hadi kiwango cha kupikia. Mchungaji naye alizeeka. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka Moi's Bridge kumwona mgonjwa, nikamwambia kwa mara ya kwanza kwamba jambo la mpwa wangu linanisumbua. Alishangaa.

"Lakini ndugu, mimi sikukwambia ufunge geti. Nilisema uombe. Wengine walichinja ng'ombe, wakaiombea, wakapika, kijana akala na wenzake akaenda zake. Hawakumvisha kitu. Hakuna aliyekosana."

"Wengine nani?"

Akataja watu wanne. Wote wazee wa kanisa letu. Mmoja alikuwa kati ya wale saba walionikumbatia. Nilitaka kumshika mchungaji koo, halafu nikakumbuka kwamba kweli hakusema. Kufuli lilikuwa langu.

Mwaka jana, binti yangu alipata mchumba, kijana mzuri wa Kapsokwony, wa kanisa. Watu wake wakaleta ng'ombe wa mahari, na sisi tukawapokea, tukawaombea mmoja mmoja. Hakuna aliyesema ni mila. Niliketi pale nikiwatazama wakiingia kwenye geti langu, ng'ombe baada ya ng'ombe, nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza. Halafu wageni wakauliza senge ni nani. Senge ni dada wa baba. Kwetu ndiye anayezungumza na binti kabla hajaondoka na ndiye anayemtoa nyumbani. Binti yangu hakuwa na mwingine. Khocha alikuwa mmoja na senge ni mmoja.

Nilikwenda Bungoma peke yangu. Dada alinichinjia kuku, akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kipande cha heshima, kama anavyowekewa mgeni yeyote wa kiume. Nilipoomba kabla ya kula niliona ameshika mikono yake mwenyewe. Nikamweleza nilichokuja kusema. Alisikiliza.

"Tutaliombea," akasema.

Nikainamisha kichwa. Nilidhani amemaliza. Aliniacha hapo muda wa mtu kunywa maji, kisha akasema, "Mtoto hana makosa. Nitakuja."

Na alikuja. Alifika siku mbili mapema na leso mpya, akafunga mlango na binti yangu saa nzima, wakatoka wote macho mekundu. Siku yenyewe alimshika mkono akamtoa nyumbani akiimba, kwa sauti ileile iliyokauka wakati wangu, na sauti haikukauka. Hakuacha hata kitu kimoja ambacho senge anapaswa kufanya. Watu wa Kapsokwony walisema binti huyu ana kwao.

Tulikuwa tumechinja ng'ombe dume. Asubuhi, kabla watu hawajajaa, nilimwambia mchinjaji anikatie kidari kirefu, nikakifunga kwenye karatasi safi, nikakificha jikoni. Jioni wageni walipoanza kuondoka, nilimpelekea dada. Sikuwa na maneno ya mimbarani. Nilimwambia nimekosa, kwamba nilikosa siku ile na siku zote zilizofuata, na kwamba hii ni ya kijana. Nililia, mtu mzima, karibu na sufuria.

Alifungua karatasi akatazama. Alijua ni nini. Akaifunga tena vizuri, pembe kwa pembe.

"Nilikusamehe kitambo," akasema. "Ungekuwa hujasamehewa, mimi ningekuwa hapa? Lakini hii nyama, mtumishi, ilikuwa ya siku ile." Akairudisha mikononi mwangu, akanifuta uso kwa leso yake, akaenda kuchukua mkoba.

Mpwa wangu alikuwa amekuja kumchukua. Sasa ni mwanamume, ana gari dogo na mtoto mmoja wa kiume, na siku nzima hakuonekana. Nilimkuta nje ya geti, ameegemea gari, karibu kabisa na pale aliposimama na njuga zake. Geti lilikuwa wazi. Nilikuwa nimelifungua alfajiri nikaliwekea jiwe lisijifunge. Alisimama wima aliponiona, akanisalimu kwa mikono miwili.

"Ingia ndani," nikamwambia. "Chakula kiko."

"Niko sawa hapa. Nimekuja tu kuchukua mama, giza isitupate njiani."

Nilitazama huku na huku. Karatasi ya nyama ilikuwa bado mkononi mwangu, imeanza kulowa. Jua lilikuwa bado kali na alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso.

"Basi hata maji," nikasema. "Ngoja nikuletee maji."

Alitabasamu, bila ubaya wowote, macho ya mama yangu. Akaingiza mkono dirishani akatoa chupa, nusu imejaa, akaniinulia nione.

"Asante, mtumishi," akasema. "Nilibeba yangu."